Kibali cha usalama cha Marekani: maswali ya watu wa Bukavu kuhusu madeni na uongo

Watoto wengi wa Bukavu, Uvira na Fizi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Nakivale au Dzaleka leo ni raia wa Marekani. Wengine wako jeshini, wengine wanashughulika na kompyuta katika kampuni zenye mikataba na serikali. Siku wanapoambiwa wajaze SF-86, fomu ya maswali ya kibali cha usalama, simu zinaanza kulia Kadutu na Panzi: mama alizaliwa mwaka gani, kile kiwanja kiko kwa jina la nani, lile deni la Coopec, ushirika wa akiba na mikopo, liliishia wapi. Majibu haya ni ya anayejaza fomu na pia ya jamaa anayepigiwa simu.

Kibali hiki ni kitu gani, na nani anakipata?

Ni uamuzi wa serikali ya Marekani kwamba mtu fulani anaweza kuaminiwa na habari za siri. Kina ngazi tatu: Confidential, Secret na Top Secret. Mtu hajiombei mwenyewe. Ni lazima jeshi, ofisi ya serikali au kampuni yenye mkataba imtangulize kwa sababu kazi yake inakihitaji, na mwombaji halipi hata senti moja. Kwa hiyo yule anayezunguka Nyawera akisema kwamba ukimpa dola atakutafutia kibali uende kufanya kazi Amerika ni mwizi.

Lazima uwe raia. Mwenye green card anaweza kuingia jeshini, ila kazi zinazodai kibali zinamngoja mpaka apate uraia. Uchunguzi mwingi unafanywa na DCSA, shirika lililo chini ya Wizara ya Ulinzi, na uamuzi unafuata miongozo 13, kuanzia A mpaka M, inayotumika tangu 8 Juni 2017. Mwongozo E unahusu mwenendo, na humo ndimo uongo unamopimwa. Mwongozo F unahusu pesa.

Deni langu linaihusu nini serikali?

Kwa sababu mbili. Ya kwanza, mtu aliyebanwa na madeni anaweza kushawishiwa auze anachokijua. Ya pili ndiyo inayoonekana zaidi kwenye maamuzi: mtu anayeahidi kulipa halafu halipi, asiyefungua barua za wadai, asiyepeleka hesabu ya kodi, anatia shaka kama atafuata kanuni za kulinda siri pale ambapo hakuna anayemtazama.

Deni likifika kiasi gani ndipo kibali kinakataliwa?

Mwongozo F hautaji kiasi. Mtu mwenye deni la dola 40,000 lililotokana na ugonjwa, ambalo analilipa kila mwezi na risiti anazo, anaweza kupita. Mwenye bili tatu za simu za dola 300 kila moja, aliyeziacha miaka minne huku mshahara unaingia, atasumbuliwa. Kinachotazamwa ni deni lilitoka wapi, ulifanya nini lilipokuja, na leo limefikia wapi.

Mwongozo wenyewe unataja mambo yanayopunguza uzito: kupoteza kazi, ugonjwa wa ghafla, talaka, kifo katika familia, kuibiwa utambulisho. Lakini umeongeza sharti ambalo wengi wanaliruka wanaposoma: lazima pia uwe ulitenda kama mtu anayewajibika wakati wa shida hiyo. Kusema tu "nilifukuzwa kazi" ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni barua uliyomwandikia mdai mwezi ule ule ukiomba akupunguzie.

Fomu inauliza nini hasa?

Sehemu ya 26 inarudi nyuma miaka 7. Inauliza kama ulitangaza kufilisika, kama ulikosa kupeleka au kulipa kodi, kama kuna bili iliyopelekwa kwa wakusanya madeni, kama gari au kitu kingine kilinyang'anywa, kama ulitolewa nyumbani kwa kutolipa kodi ya nyumba, kama mshahara ulikatwa kwa amri, na kama ulichelewa kulipa deni lolote kwa zaidi ya siku 120. Halafu inauliza tena: je, sasa hivi kuna deni lililopita siku 120? Lililokwishalipwa nalo linaandikwa, maadamu liko ndani ya miaka hiyo 7.

Pale pa maelezo usiandike "nilikuwa na matatizo ya familia". Andika kwa namna hii: "Hospitali, dola 1,840. Ilipelekwa kwa wakusanya madeni Machi 2023, miezi miwili baada ya kiwanda kunisimamisha. Tangu Januari 2024 nalipa dola 75 kila mwezi, zimebaki dola 490, risiti ninazo." Mchunguzi akisoma hivyo hana la kuwinda.

Nilimtilia shemeji saini ili apate gari, akaacha kulipa. Deni ni lake au langu?

Ni lako pia, na fomu inasema wazi kwamba madeni uliyodhamini yaandikwe. Hili linawaangusha watu wetu kuliko kadi za benki, kwa kuwa katika familia zetu mwenye kazi nzuri ndiye anayeombwa saini, na kukataa kunaonekana kama dharau. Gari likinyang'anywa linauzwa mnadani kwa bei ya chini, na pengo linalobaki, mara nyingi maelfu ya dola, linakuja kwa jina lako. Ukisikia shemeji amechelewa mwezi mmoja, piga simu benki siku hiyo hiyo. Ukilipa mwenyewe wakati deni lina siku 30, linabaki jambo la nyumbani. Likipita siku 120, linaingia kwenye fomu.

Na deni la Bukavu? Coopec, likelemba, banque Lambert?

Ripoti ya mkopo ya Marekani, yaani orodha ya madeni yako na jinsi unavyoyalipa, haiyaoni, lakini fomu haikusema madeni ya Marekani peke yake. Ukiwa ulikopa Coopec ukaacha kulipa ndani ya miaka 7, au ulimdhamini mtu aliyekimbia, liandike. Likelemba ambayo ulipokea zamu yako kisha ukaacha kuchanga ni deni vilevile, ingawa haina karatasi. Ukiulizwa kwenye mahojiano, liseme, na ulilipe kabla ya kuulizwa. Banque Lambert, yaani mkopo wa riba kubwa kutoka kwa mtu binafsi, ina hatari yake ya pekee. Mdai anaijua nyumba ya mama yako, riba inapanda mwezi kwa mwezi, na huo ndio mshiko ambao uchunguzi unautafuta. Ikiwa kuna deni moja la kufunga kwanza upande wa Congo, ni hilo. Mdai aandike kwa mkono kwamba amelipwa, kiasi na tarehe, mashahidi wawili watie saini, karatasi ipigwe picha.

Tikiti ya ndege tuliyokopeshwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji?

Huo ni mkopo usio na riba, na shirika lililowapokea kwa kawaida ndilo linalokusanya malipo. Familia nyingi zinauacha kwa kudhani ulikuwa msaada. Usipolipwa unaweza kufika kwenye ripoti ya mkopo. Angalia jina la nani liko kwenye ile karatasi ya ahadi iliyotiwa saini kabla ya safari. Kijana aliyekuwa amefikisha miaka 18 anaweza kukuta sehemu yake iko kwa jina lake.

Kwenye ripoti wameandika "charge off". Si wamelifuta?

Hapana. Mkopeshaji ameliingiza kwenye vitabu vyake kama hasara. Wewe bado unadaiwa, na anaweza kuliuza kwa wakusanya madeni. Vilevile deni baya hutoka kwenye ripoti baada ya miaka 7 kwa sheria ya huko, lakini kutoka kwenye ripoti si kulipwa. Waamuzi wameandika mara nyingi kwamba kukaa kimya mpaka muda wa kushtakiwa upite hakumfanyi mtu kuwa mlipaji mwaminifu.

Angalizo moja kwa wanaopatana na mdai wapunguziwe: akikusamehe dola 600 au zaidi, kwa kawaida atatoa fomu 1099-C, na kiasi kilichosamehewa mara nyingi kinahesabiwa kuwa mapato. Usipokiweka kwenye hesabu ya kodi, umefunga deni moja na kufungua lingine, safari hii kwa serikali.

Mtengeneza kodi aliandika watoto wa dada yangu wa Bagira kama tegemezi wangu. Ni kosa?

Ndiyo, na ni zito, kwa sababu hapa deni na uongo vinakutana mahali pamoja. Sheria ya kodi ya Marekani inataka tegemezi awe raia, au mkaaji wa Marekani, Canada au Mexico. Mtoto aliye Bagira asiye raia haingii, hata kama unamlipia shule, chakula na dawa. Usiseme "ni mtu wa kodi aliyeandika": saini ni yako.

Lirekebishe kwa fomu 1040-X, moja kwa kila mwaka ulioharibika, urudishe pesa ulizopewa bila haki. Ukishindwa kulipa zote, omba kulipa kidogo kidogo kwa fomu 9465. Miaka ambayo hukupeleka hesabu kabisa, ipeleke hata kama huna cha kulipa. Kwa waamuzi, asiyepeleka hesabu ana hali mbaya kuliko aliyepeleka akabaki anadaiwa.

Nataka kujisafisha kabla ya kujaza. Nianzie wapi?

Chukua ripoti za mkopo za ofisi zote tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Sheria inakupa haki ya kuzipata bure, na hazifanani. Deni linaweza kuwa kwenye moja tu. Weka kila deni kwenye mstari wake: mdai wa kwanza, anayelidai sasa, namba ya akaunti, kiasi, tarehe ya malipo ya mwisho. Lisilo lako lipinge kwa maandishi; ofisi ya ripoti kwa kawaida ina siku 30 za kulichunguza. Watu wenye majina yanayofanana au tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na katika dosie za kambini ni wengi, hukuta wamechanganywa na mtu mwingine.

Kisha lipa kwa mpango huu: kodi na madeni ya serikali, matunzo ya watoto yaliyoamriwa na mahakama, halafu yale madogo unayoweza kuyamaliza mwezi huu, halafu makubwa kwa makubaliano yaliyoandikwa. Usianze na ahadi kubwa utakayoshindwa mwezi wa tatu. Dola 50 zilizolipwa miezi 10 mfululizo zina nguvu kuliko dola 400 za mwezi mmoja na kimya baada yake, kwa sababu mwamuzi anatafuta mwendo, wala ahadi ya "nitalipa nikipata kibali" haimshawishi.

Washauri wa madeni wasiotafuta faida wanatambuliwa na mwongozo F wenyewe. Kampuni zinazotaka pesa mbele ili "zisafishe jina" ziache. Kufilisika kwa njia ya mahakama hakukufungii mlango moja kwa moja. Ni njia halali, ila utaeleza ni nini kilichokufikisha huko na umebadilisha nini.

Natuma pesa Bukavu kila mwezi. Niseme?

Lazima. Sehemu ya 20A inauliza kama umewahi kumsaidia kwa pesa mtu asiye raia wa Marekani. Wengi wanajibu hapana kwa kuwa wanafikiri ni habari ya pesa kubwa, kumbe dola 100 za mama kwa Airtel Money zimo. Utaulizwa jina, anwani, uhusiano, kiasi na mara ngapi. Kumtunza mama si kosa. Kosa ni kumficha, na baya zaidi ni kumtumia mama huku kadi yako mwenyewe ina siku 150 bila malipo. Hapo utaulizwa kwa nini.

Kiwanja ulichonunua Kavumu kinaandikwa pia, hata kama kiko kwa jina la kaka yako. Fomu inauliza mali ya nje unayoimiliki na ile inayoshikwa na mtu mwingine kwa niaba yako.

Na kuna hili la miaka hii. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, mabenki yakafunga milango na pesa nyingi zinapita kwa watu wa katikati. M23 iko chini ya vikwazo vya Hazina ya Marekani tangu 2013, na Alliance Fleuve Congo, muungano ambao M23 iko ndani yake, tangu Julai 2024. Mjue anayepokea pesa yako ni nani, na utunze ujumbe wa kila muamala. Kama ndugu wa damu amechukua kazi katika uongozi wao, mwandike alivyo. Kumwandika kunaleta maswali, ila kumficha kunaleta maswali mabaya kuliko hayo.

Nikiacha jambo moja bila kuandika, watajuaje?

Kwa ripoti za mkopo, rekodi za kodi, mahakama, waajiri, majirani, na dosie yako ya uhamiaji tangu mahojiano ya kwanza kambini. Fomu hii unaitia saini ukijua kwamba kudanganya kwa kukusudia ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 1001 cha sheria ya jinai ya Marekani, kinachofikia miaka 5 jela. Mashtaka si ya kila siku. La kila siku ni kukataliwa kibali chini ya mwongozo E, na hapo deni la dola 900 ambalo lingesamehewa linageuka swali la kama wewe unasema kweli. Deni hufungwa kwa risiti. Kwa uongo hakuna risiti ya kuleta.

Na kama nilisahau kweli?

Mwongozo E unazungumzia kuficha kwa makusudi. Kusahau peke yake si uongo, ila utapimwa kwa mambo mengine: ulikijua au hukukijua, umesahau kimoja au vyote vibaya, ulikirekebisha lini. Neno kubwa hapo ni lini. Kusahihisha upesi kabla hujaonyeshwa ushahidi kunahesabiwa kwa faida yako. Ukisubiri mchunguzi aweke karatasi mezani ndipo useme "ah, hilo nililisahau", umechelewa. Ukikumbuka usiku, asubuhi mwandikie afisa usalama wa kampuni au wa kikosi chako, ubaki na nakala. Mahojiano yenyewe pia mara nyingi yana nafasi ya kuulizwa kama kuna cha kubadilisha. Hapo usijibu "hapana" haraka haraka.

Kambini niliandikwa mtoto wa mama mdogo, na umri wangu ulipunguzwa. Niandike upi?

Kabla hujaandika lolote, ona avoka wa uhamiaji. Hapa kilicho hatarini si kibali peke yake bali uraia wenyewe. Mwaka 2017, katika kesi ya Maslenjak, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba uongo unaomnyang'anya mtu uraia kwa kosa la jinai lazima uwe ule uliochangia kuupata. Uongo mdogo usiobadilisha chochote hautoshi. Kama wako uko upande upi, ni avoka atakayeona akiwa na dosie mbele yake. Mwongozo E pia unatambua aliyekosea kwa sababu ya ushauri wa mtu aliyeidhinishwa kushauri, lakini mjomba aliyekuambia kambini "sema hivi" si mshauri wa aina hiyo.

Kinachoharibu zaidi ni kutunga hadithi ya tatu. Umri mmoja uko HCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, mwingine kwenye karte ya uchaguzi, na sasa mwingine kwenye SF-86. Majina yote uliyowahi kutumia, pamoja na yale ya tahajia iliyoharibiwa na karani, yana mahali pake katika sehemu ya 5.

Diploma d'État, ile ya kumaliza sekondari, sikuimaliza, ila karatasi ninayo.

Andika miaka uliyosoma, na kwenye swali la kama ulipata diploma jibu hapana. Karatasi hiyo usiiambatishe popote.

Sisi wa Bukavu tukipigiwa simu tuseme nini?

Mnachokijua, na msichokijua mseme hamkijui. Msipange majibu na mtoto. Jamaa anayesema "huyu hana deni lolote" ili kumsaidia anamweka katika hali ambayo mmoja kati yenu anaonekana mwongo. Msaada wa kweli ni tarehe: lini alihama Essence kwenda Panzi, wazazi walizaliwa wapi, nani yuko hai, nani amefariki. Binamu msimwite kaka kwenye karatasi. Sehemu ya 18 ni ya ndugu wa baba au mama mmoja, wazazi, watoto na wakwe. Binamu mnayewasiliana mara kwa mara anakwenda sehemu ya 19.

Nimepata barua ya sababu za kunyimwa. Basi imekwisha?

Bado. Barua hiyo inaorodhesha kila deni na kila jibu linaloshukiwa kuwa la uongo. Kwa wafanyakazi wa kampuni zenye mikataba na Wizara ya Ulinzi, majibu yanatakiwa ndani ya siku 20: kila mstari ukiri au ukane, ueleze, uambatishe ushahidi, na useme kama unataka kusikilizwa na jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi inayosikiliza kesi hizi. Usikane deni ambalo ripoti inaonyesha ni lako kwa hofu ya kukiri. Kukana huko kutaonekana kama uongo mpya. Mzigo wa kuonyesha kwamba umejirekebisha uko juu yako, na shaka inayobaki inaamuliwa kwa faida ya usalama wa nchi. Tangu kesi ya Navy dhidi ya Egan ya 1988, mahakama zinashika kwamba hakuna mwenye haki ya kupewa kibali. Akikataliwa, mtu wa kampuni husubiri mwaka mmoja kabla ya kufikiriwa tena, na mwaka huo ni wa kulipa.

Nikishapata kibali, naweza kupumzika?

Uchunguzi sasa ni wa mfululizo. Rekodi za mkopo na za polisi zinaangaliwa bila kungoja miaka. Deni likipita siku 120, ukitangaza kufilisika, au ukitaka kusafiri kwenda kuzika Bukavu, mwarifu afisa usalama wewe mwenyewe. Safari ya nje inaripotiwa kabla ya kuondoka. Msiba wa ghafla unaeleweka, lakini toa taarifa mara tu unaporudi, ukitaja na mpaka uliopita, uwe Ruzizi au mwingine.